Uzi wa Mwisho Haufungwi Fundo

Siku yangu ya kwanza kazini nilidhani nimekuja kushona mapazia. Shangazi alikuwa amesikia kwamba karakana moja hapa Kisumu inatafuta msichana anayejua cherehani, na mimi nilifundishwa cherehani na mama kabla hajaanza kuugua. Nilipofika niliona mbao zimeegemezwa ukutani na satini nyeupe imekunjwa mezani, nikajiambia hawa ni watu wa fanicha. Kisha Fundi Mkuu akavuta turubai, na nyuma yake yakaonekana majeneza yamepangwa wazi, matupu, yananukia gundi na mbao za saiprasi.

"Unaogopa?" akaniuliza.

"Ndiyo, Mzee."

"Vizuri. Asiyeogopa hushona ovyo. Una nani nyumbani?"

"Wadogo zangu wawili."

"Na wazazi?"

Nilitazama miguu yangu. Hakurudia swali. Alivuta stuli mbele ya cherehani, akaipangusa kwa kofia yake. "Basi kaa, nyathina. Wafu hawana fujo. Wenye fujo ni hao wanaokungoja nyumbani hawajala."

Nyathina ni mwanangu kwa Kijaluo. Tangu mama azikwe hakuna aliyekuwa ameniita hivyo. Nilikaa, na kazi hiyo ndiyo niliyoifanya hadi macho yangu yalipokataa.

Baba alitangulia, mama akafuata kabla sijamaliza darasa la saba. Sikufanya mtihani. Nilibaki na Okoth, aliyekuwa ameanza shule juzi tu, na Awino, ambaye bado nilikuwa nikimbeba mgongoni. Siku za mwisho mama aliniita kando ya kitanda akanipa maneno mawili. La kwanza, nisiwaache wadogo zangu wakatawanyika. La pili, nisiwaache wakamwacha Mungu. La kwanza nililiweza, kwa kiasi: Awino yuko Muhoroni na mume wake anayeendesha trekta la miwa, na Okoth anaishi hatua chache kutoka kwangu. La pili ndilo limenifanya niandike.

Niwaeleze kwanza kazi yenyewe, maana ninyi vijana wa leo mnaletewa vitambaa vilivyoshonwa tayari kiwandani, mnapiga pini na kumaliza. Wakati wetu, ndani ya jeneza palishonwa kwa mkono na kwa cherehani. Ulianza na sponji chini. Juu yake ulitandika satini, ukaikunja marinda pembeni ili mbao zisionekane hata kidogo. Kabla ya kupigilia misumari midogo, ulishikiza kitambaa kwa bandi, yaani ule mshono mpana wa muda unaozuia kitambaa kisiteleze. Mto uliujaza maranda laini yaliyotoka kwenye randa ya seremala. Mwisho uliweka kipazia cha lesi chini ya dirisha la kioo, lile ambalo watu hupita wakimtazama marehemu. Kila kitu kilipimwa kwa kamba, na kamba hiyo haikuruhusiwa kamwe kupita juu ya mtu aliye hai. Hata kwa mzaha. Niliwahi kumwona seremala akipigwa kofi kwa kumpima mwenzake aliyelala usingizi mchana.

Wiki ile ya kwanza nilimaliza kitambaa changu cha kwanza, nikafunga fundo na kukata uzi, kama mama alivyonifundisha. Fundi Mkuu aliinama, akapapasa mshono, akachukua shazia, ile sindano nene, na kwa ncha yake akalifungua lile fundo taratibu.

"Hapa uzi wa mwisho haufungwi fundo," akasema. "Unauacha ukining'inia."

"Si utafumuka, Mzee?"

"Ndiyo. Ndiyo maana tunauacha." Alikuwa mzee wa kanisa, na alizungumza nami kama anayejibu mtoto wa shule ya Jumapili. "Bwana alipofufuka aliacha vitambaa kaburini. Je, alihangaika na fundo? Sisi tunamlaza mtu, hatumfungi. Siku ikifika asipate kazi ya kutafuta mkasi."

Mafundi walicheka. Mmoja akasema kuna mkopeshaji mmoja mjini ambaye yeye angemfunga hata kwa waya. Lakini sikuwahi kuona yeyote kati yao akifunga fundo la mwisho, hata wale ambao Jumapili walilala hadi jua la mchana.

Okoth alikuwa akitoka shule anakuja kunisubiri. Alikaa chini ya meza ya kukatia, akakusanya vipande vya uzi, na kwa sababu mtoto akikaa bure huharibu, nilimfundisha kupiga bandi. Nilimfundisha pia fundo lake. Fundo la bandi linafanana na fundo la kweli, linashika vizuri, lakini lina mkia. Ukiuvuta mkia linafunguka lenyewe, kwa sababu bandi si mshono wa kudumu. Alilipenda sana. Alifunga kamba za viatu vya mafundi kwalo, kisha akavuta na kukimbia. "Mama Okoth!" walinipigia kelele, mimi msichana nisiye na mume. "Mchukue mwanao!"

Baadaye tajiri, mwenye karakana, alifungua tawi Kisian, kando ya barabara ya Busia, nikapelekwa huko. Msimamizi wa Kisian alikuwa mtu wa mzaha. Wateja walipouliza kama kazi itachelewa, alisema, "Mama, mteja wetu mwenyewe hana haraka." Wengine walikasirika, wengi walicheka, na kicheko hicho katika msiba ni kama maji kwa mtu aliyetembea mbali. Yeye ndiye aliyenifundisha kuzungumza na wafiwa: usiseme pole mara nyingi, uliza jina la marehemu, kisha uliite jina hilo mpaka wanapoondoka.

Ni Kisian nilipoanza kusikia maelezo. Jeneza lilipochukuliwa, mara nyingi mchungaji au mhubiri alikuja na familia kuomba, nami nilikuwa pembeni na sindano yangu. Nikasikia kwamba Mungu anamchukua amtakaye. Nikasikia kwamba alihitaji malaika mwingine, kwamba anatujaribu, kwamba anatuadhibu, kwamba ametuepusha na baya zaidi. Nilimsikia mhubiri mmoja akitoa sababu moja asubuhi kwa familia hii na sababu kinyume chake alasiri kwa familia ile. Sikumcheka. Niliona tu kwamba naye alikuwa anaogopa, na maneno yalikuwa turubai lake.

Kutoka Kisian nilihamishiwa tawi la Ahero, nikakaa misimu mingi. Msimamizi pale alikuwa mama, mjane mkali, ambaye hakuruhusu kuimba wakati wa kukata kitambaa kwa sababu mkasi hufuata wimbo. Mnajua Ahero. Mvua ikinyesha kule milimani, huku uwanda wa Kano unalala ndani ya maji. Mwaka mmoja mto ulitoka alfajiri, ukabeba nyumba, mpunga na ng'ombe, na maiti walipopatikana hapakuwa na ardhi kavu ya kuchimba. Makaburi yalijaa maji kabla watu hawajamaliza kuomba. Tulipandisha majeneza juu ya meza, tukashona tumesimama, maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu.

Akaja mama mmoja aliyepoteza mume. Alikuwa kiongozi wa maombi. Nilimfahamu kwa sauti yake, maana kanisa lao lilikuwa ng'ambo ya barabara yetu. Jirani yake, mpika pombe ya chang'aa, alikuwa amejenga kwenye kichuguu, na nyumba yake haikuguswa.

"Wewe unashona haya kila siku," akaniambia. "Niambie. Mungu anakuambia nini?"

"Mama, hajaniambia kitu."

"Afadhali wewe," akasema. "Wote waliokuja kwangu anawaambia."

Aliketi juu ya gunia la maranda akanishikia kitambaa mpaka nilipomaliza. Ule uzi niliouacha wazi aliushika kidogo kwa vidole viwili. Nikamweleza kwa nini. Hakusema amina, lakini wiki iliyofuata nilisikia sauti yake ng'ambo ya barabara, imekwaruza, ikiongoza wimbo.

Niliporudi Kisumu, Fundi Mkuu alikuwa amelala tayari kaburini, katika kitambaa nilichomshonea mwenyewe kule Ahero, nami nikafanywa msimamizi wa washonaji. Okoth alikuwa mtu mzima. Alikuwa fundi wa redio na simu, na kanisani alikuwa mwalimu wa kwaya na wa shule ya Jumapili. Nilipomsikia akiwafundisha watoto habari ya ufufuo, akiwaambia kuhusu karakana moja ambapo uzi wa mwisho haufungwi, nilimwambia marehemu mama kimyakimya: umeona, la pili pia nimeliweza.

Okoth na mkewe walipata mtoto mmoja, Adhiambo. Alizaliwa na ugonjwa wa selimundu, ule ambao huku wengi tunauita sikoseli, na ambao si nadra katika mwambao huu wa ziwa. Chembe za damu yake zilipinda kama mundu, zikakwama mishipani, na zilipokwama mtoto alipiga kelele ambazo sitaki kuzieleza. Baridi ndiyo iliyoyaamsha maumivu. Upepo ukitoka ziwani jioni tulikimbilia kumvisha sweta. Alikuwa mtoto mcheshi, alitumia mkono wa kushoto kwa kila kitu, hata kusalimia, na wazee wakimkemea aliwaambia, "Huu wa kulia unauma, Baba. Huu ndio mzima." Ilikuwa kweli siku nyingine, siku nyingine ulikuwa uongo mtupu.

Walimpa dawa, walifuata kliniki, na waliomba. Sijaona watu wakiomba vile. Kwaya nzima ilifunga chakula. Mkewe Okoth alipiga magoti mpaka magoti yakawa na sugu.

Adhiambo alipokuwa anakaribia kumaliza shule ya msingi, alilazwa tena, na wakati huo alikuja kanisani kwetu mhubiri mgeni. Aliambiwa habari za mtoto. Akasimama mbele ya watu wote akasema, "Ndugu, maombi hayakwami hewani bila sababu. Wazazi wajichunguze. Kuna mlango wameuacha wazi."

Okoth alikuwa ameshika kijiti cha kuongozea kwaya. Aliimaliza ibada. Aliwaimbisha mpaka ubeti wa mwisho. Nilikaa nyuma yake nikaona shati lake limelowa mgongoni lote.

Adhiambo alifariki wiki hiyo hiyo.

Okoth alikuja karakana asubuhi peke yake. Alisimama mlangoni pale alipokuwa akisimama akiwa na mkoba wa shule. "Shona wewe," akasema. "Sitaki mtu mwingine."

Sikutumia satini. Satini ni baridi, kila mshonaji anajua, ukiigusa inakuambia. Nilichukua flaneli, ile ya nguo za watoto wachanga, nikaipasha moto kwa pasi kabla ya kuitandika. Wasichana wangu walielewa bila kuambiwa. Mmoja aliongeza makaa kwenye pasi, mwingine akapepeta maranda ya mto yasiwe na kijiti hata kimoja. Okoth alikaa juu ya stuli. Nilipofika mwisho wa mshono niliupitisha uzi, nikauacha, nikanyoosha mkono kuchukua mkasi.

"Funga fundo," akasema.

"Okoth."

"Funga, Dada. Mzee alitupa hadithi nzuri. Nimewapa watoto wa watu hadithi hiyo kila Pasaka. Harudi. Funga."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Wasichana walikuwa wameacha kushona. Nilitaka kumwambia kuhusu yule mama wa Ahero. Nilitaka kumwambia kwamba Bwana Yesu naye alilia kaburini kwa rafiki yake na hakumhubiria mtu mlango ulioachwa wazi. Lakini nilikuwa nimesikia maelezo mengi mno kando ya majeneza, sikutaka kumwongezea yangu. Nikamwambia, "Wewe ndiye baba yake. Kama ni kufunga, funga wewe."

Nilidhani atakataa. Alichukua sindano. Alinipa mgongo, akainama ndani ya jeneza, nikaona mabega yake yakienda. Alikata uzi kwa meno, jambo ambalo nilimkataza tangu utotoni. Kisha akaweka sindano kwenye kiganja changu akatoka.

Ningeweza kupapasa. Mkono wangu ungelijua fundo lile bila macho. Sikuupeleka. Niliogopa kwamba nikilikuta nitalifungua, na haki hiyo sikuwa nayo. Adhiambo alizikwa nyumbani, upande wa Kisian, na kwaya iliimba bila mwalimu wake. Mwalimu alikuwa kwenye zizi, amewaegemea ng'ombe.

Mchungaji wetu mwenyewe, mtu wa maneno machache, alikuja baadaye akaketi naye uani siku nzima. Aliondoka bila kuhubiri. Alipofika langoni aliniambia, "Mama, sina neno. Ningekuwa nalo ningempa." Kwa jambo hilo mimi namheshimu mpaka leo, lakini Okoth hakurudi kanisani.

Kila Jumapili nilipita kwake nikiwa na Biblia yangu. "Twende?"

"Nenda. Utanisalimia."

"Nimsalimie nani?"

"Atakayeniulizia."

Hakunizuia, hakunikejeli zaidi ya hapo. Alinishonea hata mkanda wa Biblia ulipochakaa. Lakini nilipokuwa nikiondoka nilijua mama ananitazama mgongoni. Nami niseme ukweli, kwa kuwa mtu aliyestaafu hana wa kumwogopa: kuna Jumapili niliimba kwa midomo tu. Nilikwenda kwa sababu nilizoea kwenda, kama mguu unavyoijua njia. Niliomba maombi ya aina moja: Bwana, sikuelewi, na bado niko hapa. Sijui kama hiyo ni imani. Mama wa Ahero aliimba kwa sauti iliyokwaruza, nikaona labda ndiyo.

Mtaniuliza, ninyi mnaoingia kazi hii, kwa nini wanaomwamini Mungu wanaumia kama wasiomwamini, na mara nyingine zaidi. Nimewashonea wote. Kamba ya kupimia haikuwahi kunionyesha tofauti. Nimekutana na watu wenye jibu na watu wasio nalo, na siku ya msiba waliofaa kukaa nao ni wale wasio nalo lakini hawakuondoka. Nililonalo mimi ni kazi: kitambaa kisiwe na mkunjo, mto usiwe na kijiti, jina la marehemu litajwe. Na uzi uachwe. Sijawahi kumwona aliyerudi. Nimeuacha kila mara.

Mwaka huu nilishindwa kutunga uzi kwenye sindano hata kwa miwani, nikajua imetosha. Wasichana walininunulia soda na chapati, tukaomba, tukacheka, Awino akatuma miwa kutoka Muhoroni. Okoth alikuja na mkokoteni kuchukua cherehani yangu, ambayo tajiri alisema niende nayo. Nilikuwa namalizia kitambaa cha mwisho. Alisimama kando yangu, mvi zimemjaa, akautazama uzi ukining'inia.

"Bado mnauacha?"

"Mama huyu alituambia tukifunga, atatufunga sisi," akadakia msichana mmoja, na wote wakacheka. Okoth pia alicheka kidogo.

Tulifunga cherehani kwa kamba juu ya mkokoteni. Alikuwa akivuta kamba ikaze, macho yake yakiwa kwenye kazi, aliposema, "Lile fundo la Adhiambo."

Hakuwa amelitaja jina lile mbele yangu tangu mazishi.

"Ulilifunga," nikasema. "Najua. Nilikuona."

"Hukuona. Nilikupa mgongo." Aliikaza kamba tena, ingawa ilikuwa imekaza. "Lilikuwa la bandi, Dada."

Magari yalipita. Nilishika mkono wa mkokoteni. Miaka yote ile nilikuwa nimepita mlangoni kwake nikimhesabu miongoni mwa waliopotea, na yeye amebeba jambo hilo peke yake, hata kwangu hakulitoa.

Nilimuuliza kama mshonaji anavyomuuliza mshonaji. "Mkia uliuacha upande gani?"

"Wa kushoto," akasema. "Vinginevyo angeupataje?"